Zoezi Halishuki, Safari Haipandi: Uchambuzi wa Hitilafu za Programu za Baiskeli ya Ndani

Ukiuliza kwa nini zoezi ulilopangiwa halijashuka kwenye programu ya baiskeli ya ndani, au kwa nini safari uliyoimaliza haijafika Strava, mtandao wa kushirikiana mazoezi, utapewa majibu matatu yanayopingana, na kila anayetoa lake ana uhakika nalo. Wa kwanza atasema intaneti yako ni dhaifu. Wa pili atasema futa programu, uisakinishe upya. Wa tatu atasema seva za kampuni zimeanguka, tulia usubiri. Kila jibu lina siku yake ya kuwa sahihi. Tatizo ni kwamba moja kati ya hayo, likitumika siku isiyo yake, hufuta kabisa kile mtu alichokuwa anajaribu kukiokoa.

Jambo hili halihusu tena wachache wanaokimbia baridi ya Ulaya. Mashindano ya kwanza ya dunia ya baiskeli za mtandaoni ya UCI, chama cha kimataifa cha baiskeli, yalifanyika Desemba 2020 kwenye Zwift, mojawapo ya programu hizi. Ya mwaka 2024 yalifanyika kwenye MyWhoosh, programu ya Umoja wa Falme za Kiarabu ambayo haitozi ada. Kigali ilipoandaa mashindano ya dunia ya barabarani Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika, hamasa ya baiskeli ilipanda katika ukanda wetu, hata kwa wanaofunga baiskeli kwenye treina, ile mashine inayoshika baiskeli ndani ya nyumba na kupima nguvu ya miguu kwa wati. Anayeishi Dubai huingia ndani kwa sababu ya joto, wa Minnesota kwa sababu ya theluji, wa Nairobi kwa sababu ya magari. Wote hukutana na kibao kilekile: usawazishaji umeshindikana.

Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba hitilafu hizi hazina dawa moja kwa sababu si ugonjwa mmoja, na kwamba kazi ya kwanza siku zote ni kuokoa faili la safari, kabla ya kutengeneza chochote. Hoja hiyo inasikika kama jambo dogo. Ukiangalia jinsi data inavyosafiri, utaona kwa nini ushauri mwingi unaotolewa unaanzia upande usiofaa.

Njia tatu ndani ya neno moja

Tunaposema "kusawazisha" tunazungumza kana kwamba ni tendo moja. Kwa kweli data hupita njia tatu zisizohusiana. Njia ya kwanza hushusha mpango: kocha anaandika zoezi kwenye kalenda ya TrainingPeaks au Intervals.icu, nalo linatakiwa kuonekana kwenye programu unayopandia. Njia ya pili ni ya redio, kati ya treina na simu au kompyuta yako, kwa Bluetooth au ANT+. Hapo intaneti haihusiki kabisa. Njia ya tatu hupandisha kumbukumbu ya safari iliyokamilika. Hii ya tatu nayo ina hatua mbili: kwanza safari hutoka kwenye kifaa chako kwenda kwenye seva ya programu, kisha seva hiyo huipeleka Strava, Garmin Connect au kwa kocha. Mtumiaji huona mwanzo na mwisho tu. Katikati hakuoni, na ndiyo maana anayeona hakuna kitu Strava hulaumu simu iliyo mkononi mwake, hata kama simu hiyo ilimaliza kazi yake dakika ishirini zilizopita.

Inafaa pia kujua kinachosafirishwa. Safari nyingi huhifadhiwa kwa muundo wa FIT, uliobuniwa na Dynastream, kampuni ya Kanada iliyonunuliwa na Garmin mwaka 2006. Faili la FIT huanza na kichwa kidogo kinachotaja urefu wa data iliyomo, hufuatiwa na rekodi za kila sekunde, na hufungwa kwa baiti mbili za uhakiki ambazo msomaji hutumia kupima kama kuna kilichoharibika njiani. Programu inapoanza kurekodi haijui safari itakuwa ndefu kiasi gani, kwa hiyo urefu kamili na zile baiti mbili huandikwa mwishoni, faili linapofungwa. Umeme ukikatika dakika ya hamsini, au simu ikizimika kwa kuishiwa chaji, rekodi za dakika hizo hamsini zinaweza kuwapo zote, lakini faili halijafungwa. Seva ikilipokea, hulikataa kama bovu. Mwenye safari huambiwa faili limeharibika, akaamini amepoteza kila kitu, ilhali kilichokosekana ni kichwa sahihi na mkia. Zipo zana za kurekebisha mafaili ya FIT ambazo huhesabu upya urefu na uhakiki, na mara nyingi sehemu kubwa ya safari hurudi. Kwenye kompyuta, Zwift huweka safari inayoendelea katika faili liitwalo inProgressActivity.fit, ndani ya folda ya Activities iliyo kwenye nyaraka zako. Anayejua jina hilo ana pa kuanzia. Asiyelijua hufungua programu tena na kuanza safari mpya, na faili hilo la muda likawa hatarini kuandikwa juu yake.

Intaneti, mshitakiwa wa kila siku

Dai kwamba intaneti ndiyo mkosaji lina mvuto, hasa mahali ambapo bando huisha ghafla na mnara hulemewa jioni. Lakini hebu tupige hesabu. Safari ya saa moja ina sekunde 3,600. Kila rekodi ya sekunde moja, yenye wati, mapigo ya moyo, kasi na mizunguko ya pedali, huchukua baiti ishirini hadi thelathini hivi. Jumla haifiki hata kilobaiti mia na kumi. Hiyo ni ndogo kuliko picha nyingi zinazotumwa WhatsApp kila dakika kwa mtandao huohuo unaolaumiwa. Mpango wa zoezi ni mdogo zaidi, kilobaiti chache za maandishi. Mtandao unaoweza kupitisha ujumbe wa sauti unaweza kupitisha vyote viwili bila jasho.

Intaneti huwa na hatia ya kweli katika mambo mengine. Programu zinazocheza video za barabara halisi, kama Rouvy, zinahitaji data nyingi kweli, na masasisho ya programu zenye ulimwengu wa michoro hufika mamia ya megabaiti. Hapo bando dogo huleta kukwama halisi, na busara ni kupakua mapema, usiku wa kuamkia zoezi. Wi-Fi za hoteli na majengo ya kupanga huhitaji kwanza ukubali masharti kwenye ukurasa wao. Simu huonyesha alama ya mtandao, lakini programu haipati njia. Kisha kuna kukatika kwa sekunde chache kunakoangukia wakati uleule unapobonyeza kuhifadhi. Programu iliyotengenezwa vizuri huweka faili foleni na kujaribu tena. Nyingine hujaribu mara moja na kunyamaza.

Kuna hali ya nne ambayo huwachanganya hata mafundi. Kivinjari kwenye simu kinafanya kazi, YouTube inacheza kwenye kifaa cha jirani, lakini programu kwenye kompyuta ya zamani iliyotengewa treina inagoma kuingia kwenye akaunti. Mara nyingi sababu ni saa ya kompyuta hiyo, au vyeti vya usalama vilivyopitwa na wakati. Mawasiliano salama hutegemea kifaa kujua tarehe sahihi na kutambua mamlaka iliyosaini cheti cha seva. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti kimoja cha mzizi kilichotegemewa na Let's Encrypt, mtoaji wa vyeti vya tovuti, kilifikia mwisho wake, na vifaa vya zamani visivyosasishwa vikaanza kukataa tovuti nyingi ambazo jana yake vilikuwa vinazifungua. Wenye vifaa hivyo wakaona intaneti imeharibika. Kompyuta kuukuu ya kwenye stoo, ambayo hakuna anayeisasisha kwa sababu kazi yake ni treina tu, ndiyo hasa inayoathirika na hitilafu za aina hii.

Hapa pia ndipo njia ya pili, ile ya redio, inaposingiziwa. Wati zikishuka ghafla hadi sifuri katikati ya kipindi kigumu kisha zikarudi, kuzima na kuwasha ruta kunaweza kuonekana kumesaidia, lakini si kwa sababu ya intaneti. Bluetooth, ANT+ na Wi-Fi nyingi hutumia masafa yaleyale ya 2.4 GHz. Intel ilichapisha mwaka 2012 maelezo ya jinsi vifaa vya USB 3.0 vinavyotoa kelele katika masafa hayo, na kipokezi cha ANT+ kilichochomekwa kando ya diski ya USB 3.0 huathirika waziwazi. Waya mfupi wa kukisogeza karibu na treina huondoa tatizo. Sababu nyingine ni kwamba treina nyingi hukubali muunganisho mmoja tu wa Bluetooth kwa wakati mmoja. Simu iliyo mfukoni, iliyounganishwa jana, ikiwahi kuishika treina leo, kompyuta itatafuta bila kuona kitu. Hakuna bando litakalotibu hilo.

Kufuta na kusakinisha upya

Ushauri huu ndio unaopendwa kuliko wote, na una sababu nzuri za kupendwa. Kuisakinisha upya programu huondoa masasisho yaliyoingia nusu, hufuta akiba iliyochafuka na, muhimu zaidi, hulazimisha mtu aingie upya kwenye akaunti, jambo linaloleta ruhusa mpya za mawasiliano. Matatizo mengi hupona hapo. Waliopona huwa mashahidi wa kweli.

Lakini ushahidi wao una kasoro kubwa: unategemea kifaa walichotumia. Kwenye Windows au Mac, Zwift huhifadhi safari na mazoezi katika folda ya nyaraka, nje ya programu yenyewe. Ukiondoa programu, folda hubaki. Kwa hiyo mtu wa kompyuta husema kwa moyo safi kwamba kufuta hakuna madhara, na kwake ni kweli. Mtu wa iPhone akifuata ushauri huohuo, mfumo huondoa programu pamoja na kila kitu kilichokuwa ndani yake, ikiwemo safari ambayo bado haijatumwa. Ushauri uleule, maneno yaleyale, matokeo tofauti kabisa. Tangu iOS 11 ya mwaka 2017 kuna njia ya kati: kuishusha programu bila kufuta data yake, kisha kuirudisha. Kwenye Android tofauti ipo kati ya kufuta akiba, ambako kwa kawaida hakugusi kumbukumbu zako, na kufuta data yote, ambako huirudisha programu kama ilivyotoka dukani. Vitufe hivyo viwili viko karibukaribu kwenye skrini, na mtu mwenye hasira baada ya saa nzima ya jasho hubonyeza chochote kilichoandikwa futa.

Apple TV inastahili onyo la peke yake. Apple huruhusu programu za TV kuweka kwa kudumu kwenye kifaa kilobaiti 500 tu. Kinachozidi hapo kinaweza kufutwa na mfumo wenyewe nafasi ikihitajika wakati programu haitumiki. TV hiyo ni nzuri sana kwa kupandia, kwa sababu skrini ni kubwa na usumbufu ni mdogo. Lakini haina folda unayoweza kuifungua. Anayetumia TV kama kifaa chake pekee ameweka imani yote kwenye njia ya kupandisha, na anapaswa kulijua hilo kabla halijamfika.

Hata kompyuta ina mtego wake. Kwenye Windows, OneDrive inaweza kuchukua folda ya nyaraka na kuihamishia wingu. Faili la zoezi unaloliona linaweza kuwa kivuli tu cha faili lililo mtandaoni, au programu mbili zikagombania faili moja, ya mazoezi ikiandika na ya wingu ikilifunga ili ilinakili. Zoezi ambalo lipo lakini halionekani, au safari inayokataa kuhifadhika, mara nyingi hupona kwa kuitoa folda hiyo ya programu kwenye usimamizi wa OneDrive. Kusakinisha upya hakugusi kabisa chanzo hicho.

Subiri, seva zimeanguka

Wanaoshauri kusubiri wana mfano wenye nguvu kuliko wote. Tarehe 23 Julai 2020 Garmin ilishambuliwa na programu ya utekaji data iliyoitwa WastedLocker. Garmin Connect ikazimika, na huduma zikaanza kurejea kidogokidogo tarehe 27. Kwa siku hizo hakuna aliyeweza kupandisha safari kwa njia ya kawaida, na hakuna aliyeweza kuitibu hitilafu hiyo kwa kuzima simu, kufuta programu au kubadili laini.

Mimi nauona mfano huo ukithibitisha jambo jingine zaidi ya kusubiri. Vifaa vya Garmin vyenyewe viliendelea kurekodi. Waliojua kwamba kompyuta ya baiskeli ikichomekwa kwa waya wa USB huonekana kama diski, na kwamba safari zimo katika folda ya shughuli ndani ya folda ya Garmin, walizichukua zile FIT na kuzipakia Strava kwa mkono siku hiyohiyo. Huduma ilikuwa imekufa, data ilikuwa hai. Tofauti kati ya aliyesubiri siku nne na aliyemaliza kazi kwa dakika tano ilikuwa kujua faili liko wapi.

Udhaifu wa kusubiri ni kwamba kunafaa kwa hitilafu ya kampuni tu, na hitilafu nyingi za siku za kawaida si za namna hiyo. Chukua ruhusa za mawasiliano. Strava huzipa programu nyingine tokeni, yaani ufunguo wa muda, inayodumu saa sita, kisha programu huomba nyingine kimyakimya. Uombaji huo ukikatizwa, pengine kwa sababu uliondoa idhini bila kukusudia, muunganisho hufa huku ukurasa wa mipangilio ukiendelea kuonyesha kwamba umeunganishwa. Vilevile, wakati wa kutoa idhini Strava huonyesha visanduku vya ruhusa. Ukiondoa alama kwenye kile cha kupakia shughuli, programu itaunganishwa kweli, itasoma jina lako na picha yako, lakini haitaweza kuandika chochote. Ukisubiri hitilafu ya namna hii ijitibu, utasubiri hadi msimu uishe. Dawa yake ni kukata muunganisho pande zote mbili na kuuweka upya.

Kuna pia kukataliwa ambako si hitilafu. Strava hukagua kama shughuli inayopakiwa inafanana na iliyopo tayari. Ukiwa umerekodi safari kwa programu na pia kwa saa ya mkononi, na ya saa ikatangulia kufika, ya programu huweza kukataliwa kama nakala. Mtu huona safari yenye mapigo ya moyo lakini isiyo na wati, akadhani usawazishaji umepoteza nusu ya data. Hakuna kilichopotea, faili lililotangulia ndilo lililokuwa na data kidogo.

Kwa hiyo kabla ya kuamua kusubiri, swali la kuuliza ni moja: safari ilionekana mwisho wapi? Ikiwa imefika kwenye akaunti yako ya programu, na unaiona hata kwenye simu nyingine au kivinjari, lakini haiko Strava, basi intaneti yako haina kosa na kusakinisha upya hakuna maana. Tatizo liko kati ya seva na seva. Ikiwa inaonekana kwenye kifaa ulichopandia tu, tatizo liko kati yako na kampuni. Ikiwa haionekani popote, nenda moja kwa moja kwenye folda. Ni kama mzigo uliotumwa kwa basi kutoka Mombasa kwenda Kisumu: unauliza kwa wakala mmoja baada ya mwingine, hadi umpate wa mwisho aliyeupokea.

Zoezi la kocha halionekani

Mpango unaoshuka una matatizo ya aina nyingine, na hapa ndipo watu hupoteza muda mwingi kwa sababu ndogo sana. Ya kwanza ni kwamba zoezi lililoandikwa kwa maneno, kwa mfano "dakika kumi za kupasha moto, kisha nne ngumu mara tano," si zoezi kwa programu. Linahitaji kujengwa kwa vipande vyenye muda na nguvu kwenye kijenzi cha kalenda. Kocha anaona ameandika vizuri, mwanafunzi anaona kalenda ina kitu, na programu haioni chochote.

Ya pili ni tarehe. Baadhi ya miunganisho huleta zoezi la siku husika tu. Kocha aliye Nairobi akimwandikia mwanafunzi aliye Minneapolis wakati wa baridi, kati yao kuna saa tisa: Jumanne saa mbili usiku kule ni Jumatano saa kumi na moja alfajiri huku. Akaunti mojawapo ikiwa imewekewa ukanda wa saa usio wake, zoezi la Jumanne litatoweka mtu akiwa tayari ameshapanda baiskeli, au la Jumatano litajitokeza mapema. Ukanda wa saa wa akaunti ya kalenda, wa akaunti ya programu na wa kifaa chenyewe unapaswa kuwa mmoja, wa mahali anapoishi anayefanya zoezi.

Ya tatu ni faili lenyewe, kwa wale wanaoweka mazoezi kwa mkono. Zwift husoma mafaili ya aina ya ZWO, ambayo ni maandishi ya XML. Kipindi cha dakika tano katika asilimia 88 ya kizingiti cha nguvu, yaani nguvu unayoweza kuihimili kwa muda mrefu, huandikwa hivi: <SteadyState Duration="300" Power="0.88"/>. Muda ni sekunde, nguvu ni sehemu ya kizingiti. Anayeandika 88 badala ya 0.88 ameomba nguvu mara themanini na nane ya uwezo wake. Anayesahau ule mkwaju wa kufungia ameharibu faili zima, kwa sababu XML haivumilii kipande kisichofungwa. Anayeliandika kwenye programu ya barua, ambayo hubadilisha alama za kunukuu zilizonyooka kuwa za kupinda, ameliharibu bila kuona tofauti kwa macho. Na kwenye Windows, inayoficha viambishi vya mafaili inavyovijua, faili lililohifadhiwa kama maandishi huitwa zoezi.zwo.txt huku likionekana kama zoezi.zwo. Hakuna ujumbe wa kosa unaotokea. Zoezi halipo kwenye orodha, basi.

Folda nayo ina siri yake: ndani ya Workouts mna folda yenye namba ya akaunti. Kompyuta inayotumiwa na watu wawili wa nyumba moja ina namba mbili, na faili lililowekwa kwenye namba ya mke halitamtokea mume. Kwa anayehama kutoka miundo ya zamani, tofauti ya ERG na MRC ni muhimu vilevile. ERG hubeba wati kamili, MRC hubeba asilimia ya kizingiti. Faili la ERG lililotengenezewa mtu wa wati 300 litashuka bila tatizo kwenye akaunti ya mtu wa wati 200, kisha litamshinda ndani ya dakika kumi, naye atasema programu imekosea.

Wingu au faili mkononi

Swali kubwa lililo nyuma ya haya yote ni nani awe mlinzi wa kumbukumbu. Kambi moja inasema ni kampuni: mtu analipa ada ya kila mwezi ili asijue folda ni nini. Nakubaliana na nusu ya dai hilo. Programu nzuri inapaswa kuweka foleni, kujaribu tena, na kusema wazi ni hatua ipi iliyoshindwa. Ujumbe unaosema "imeshindikana" bila kutaja wapi ni mzigo uliotupiwa mteja. Lakini nusu ya pili haiwezekani. Kampuni haiwezi kurudisha faili ambalo halijawahi kutoka kwenye kifaa chako, hata iwe na mafundi hodari namna gani.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba simu na TV huficha mafaili, kwa hiyo ushauri wa kuokoa faili kwanza ni wa watu wa kompyuta. Ni kweli. Kwa wenye vifaa hivyo, kinga iliyobaki ni kinasa cha pili: saa au kompyuta ya baiskeli inayorekodi sambamba. Gharama yake ni zile nakala mbili nilizozitaja, na inalipwa kwa kuzima upakiaji wa moja kwa moja wa kifaa cha pili, kikabaki kama akiba. Kupakia kwa mkono nako kuna upungufu: alama za ndani ya mchezo na matokeo ya mbio hukaa kwenye seva ya mchezo, na faili la FIT haliwezi kuyarudisha. Anayejali mbio kuliko kumbukumbu za mafunzo ana haki ya kuipa kinga hii uzito mdogo.

Kuhusu idadi ya miunganisho, wengi hufungua kila kilichopo: programu kwenda Strava, kwenda Garmin, kwenda TrainingPeaks, kisha Garmin tena kwenda TrainingPeaks. Kila kiungo kinachoongezwa ni tokeni nyingine inayoweza kufa na nakala nyingine inayoweza kugongana. Upande wa pili, kutegemea kituo kimoja kunamweka mtu chini ya sera za kituo hicho. Novemba 2024 Strava ilibadilisha masharti yake, ikataka programu za nje zimwonyeshe data mwenye data peke yake. Baadhi ya waliokuwa wakimfikishia kocha safari zao kwa kupitia Strava walilazimika kutafuta njia nyingine. Kwa maoni yangu, safari inapaswa kwenda kwa kocha moja kwa moja kutoka kwenye programu iliyoirekodi, na Strava ibaki mahali pa kuonana na marafiki. Viungo viwili, visivyotegemeana, vinatosha watu wengi.

Hivyo siku zoezi likikwama, mpangilio ninaoutetea unaanza na faili: linakiliwe mahali salama, au kama kifaa hakiruhusu, programu iachwe wazi kwenye Wi-Fi ya uhakika bila kuguswa hadi itume. Kisha itafutwe hatua ya mwisho safari ilipoonekana, na itibiwe hatua inayofuata peke yake, kwa kuanza na saa ya kifaa, ruhusa na muunganisho mpya. Kusakinisha upya kuje mwisho, na kwa njia isiyofuta data. Kwa anayechagua programu mpya, kuna jaribio rahisi la kufanya ndani ya muda wa majaribio ya bure: apande dakika tano, azime Wi-Fi na data katikati ya safari, amalize na kuhifadhi, afunge programu, awashe mtandao, aifungue tena. Safari ikipanda yenyewe, programu hiyo ina foleni. Isipopanda, ajue kabla ya kulipa ada ya mwaka.